Maswali ya Wasomaji: Bodi Uliyochora na Faili Unayotuma Kiwandani

Safari hii karibu barua zote zilizotufikia zinahusu jambo moja: faili za Gerber, yaani zile zinazobeba mchoro wa bodi ya saketi kutoka kwenye kompyuta yako hadi kwa mtengenezaji, pamoja na programu za kuzifungulia. Ukiagiza bodi ng'ambo, kosa dogo la faili unaligundua mzigo ukishafika, pesa ya bodi na ya usafiri zishakwenda. Kwa hiyo tumezijibu kwa urefu zile zinazostahili urefu.

Asalaam aleikum mafundi. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Tudor. Nimechora bodi yangu ya kwanza kwa KiCad (programu ya kuchorea bodi), ya kupima kina cha maji kwenye tangi. Kiwanda kimenijibu kuwa hakuna faili ya matundu wala mpaka wa bodi. Mbona mimi kwenye skrini vyote naviona?

Wa aleikum salaam, mwanetu. Kiwanda kimesema kweli. Unachokitazama wewe ni mchoro wa KiCad, na kiwanda hakina mchoro huo. Kina folda ya faili za maandishi, kila moja ikieleza tabaka moja tu, na hakuna faili inayojua habari za mwenzake. Iliyokosekana imekosekana.

Matundu umeyaacha kwa sababu dirisha la KiCad la kutolea Gerber lina kazi mbili zenye vitufe mbalimbali. Kitufe kimoja hutoa matabaka, kingine hutoa faili za matundu, na wengi wakishabofya cha kwanza hufunga dirisha. Mpaka nao ni tabaka linalojitegemea, Edge.Cuts, na lisipotiwa tiki kwenye orodha halitoki.

Bodi ya kawaida ya pande mbili inataka shaba ya juu na ya chini, rangi ya kinga ya juu na ya chini (ile ya kijani inayozuia lehemu kushika pasipotakiwa), maandishi ya juu na ya chini kama yapo, mpaka, kisha matundu. KiCad huweza kuyagawa matundu faili mbili: PTH ni yale yanayopakwa shaba ndani, NPTH ni makavu, kama ya skurubu. Kwa majina ya KiCad utaona F_Cu, B_Cu, F_Mask, B_Mask, F_Silkscreen, B_Silkscreen na Edge_Cuts. Programu nyingine hufuata viambishi vya zamani vya Protel, programu nyingine ya kuchorea bodi: GTL na GBL ni shaba, GTS na GBS rangi ya kinga, GTO na GBO maandishi, GKO au GM1 mpaka. Faili za Paste ni za kukatia stensili ya lehemu ya uji. Kama huagizi stensili, ziache.

Sasa ukaguzi, na hapa usifanye haraka. KiCad inakuja na programu yake ya kusomea, GerbView, ambayo ni nzuri. Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: imetoka jiko lilelile lililopika faili. Ongeza jicho la pili, gerbv, ambayo ni ya bure na ilizaliwa katika gEDA, mradi wa programu huria za elektroniki. Kwenye Ubuntu unaandika `sudo apt install gerbv`, basi.

Funga faili zako kwenye zipu kwanza, kisha mwambie GerbView afungue zipu yenyewe, si folda. Utakachotuma ni zipu, kwa hiyo kagua zipu. Zima matabaka yote, uanze kuwasha mawili mawili. Mpaka na matundu: yote yawe ndani. Matundu na shaba ya juu: kila tundu likae katikati ya padi yake, yaani kile kipande cha shaba unapolehemu mguu wa kifaa. Shaba na rangi ya kinga: kila padi iwe na uwazi wake. Maandishi na rangi ya kinga: herufi zilizopanda juu ya padi, kiwanda kitazikata. Kisha chukua kipimo cha programu, pima bodi kutoka ukingo hadi ukingo, ulinganishe na kasha utakaloitia. Kuza kila kona ya mpaka. Pengo la milimita 0.01 halionekani kwa macho ya juu juu, lakini mstari usiofungika haukati bodi.

Mwisho fungua faili moja moja kwa programu yoyote ya maandishi. Mistari ya mwanzo ya KiCad ina maneno kama `%TF.FileFunction,Copper,L1,Top*%` na `%TF.CreationDate`. Tazama tarehe zote. Kosa tunaloliogopa kuliko mengine ni folda yenye shaba ya leo na matundu ya juzi: zinafunguka vizuri, zinapendeza, na hazilingani. Futa folda nzima kabla ya kutoa upya. Na kabla ya kutoa, bonyeza herufi B kwenye KiCad ili shaba ya graundi ijazwe tena. Ukisogeza kifaa bila kujaza upya, shaba ya zamani inaweza kubaki ilipokuwa.

Salamu wakuu. Nachonga bodi kwa mashine ndogo ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) hapa Changamwe. Mteja kaniletea faili za programu nisiyoijua. Shaba inafunguka sawasawa, lakini matundu mengine yako mahali pake na mengine yamerundikana kwenye kona kama dagaa kwenye ungo. Kazi yake ya pili, matundu yote yamenywea. Tatizo ni mashine, programu au mteja?

Mashine haina hatia, ndugu yetu. Faili za matundu si Gerber. Zinafuata lugha ya Excellon, iliyoanzia kwenye mashine za kutobolea za kampuni yenye jina hilo, na lugha hii ina uchoyo wa tarakimu: mara nyingi namba huandikwa bila nukta ya desimali. Msomaji inabidi ajue nukta ingekaa wapi, tena ajue sifuri za upande gani zimefutwa.

Chukua tundu lililo milimita 12.5 kutoka chanzo cha vipimo. Kwa mpangilio wa tarakimu tatu kabla ya nukta na tatu baada yake, namba kamili ni 012500. Kichwa cha faili kikisema `METRIC,LZ`, sifuri za mbele zimebaki na za nyuma zimefutwa, kwa hiyo utasoma `X0125`. Kikisema `METRIC,TZ`, za nyuma zimebaki na za mbele zimefutwa: `X12500`. Programu inayodhani ni TZ ikikutana na `X0125` itasema 0.125, na tundu limehama zaidi ya milimita 12. Lakini tundu la 12.345 halina sifuri ya nyuma ya kufutwa. LZ huliandika `X012345`, na msomaji aliyekosea atalipata palepale pake. Ndiyo maana dagaa wako wengine wamerundikana na wengine wametulia. Matundu yakitawanyika hivyo, mengine sawa na mengine si sawa, usitafute kwingine: ni sifuri.

Kuna mtego wa ziada wa lugha. Katika Excellon, LZ maana yake sifuri za mbele *zipo*. Katika Gerber, herufi L ndani ya `%FSLAX46Y46*%` maana yake sifuri za mbele *zimeachwa*. Herufi ileile, maana iliyopinduka. Hata walioandika programu huteleza hapo.

Kazi ya pili ni ugonjwa mwingine. Matundu yakinywea au kutanuka yote kwa kiasi kimoja, pima umbali wa matundu mawili kwenye skrini na umbali wa padi zake, ugawanye. Ukipata 10, 100 au 1000, nukta imewekwa mahali pasipo pake. Ukipata 25.4, inchi zenye nukta zimesomwa kama milimita, au kinyume. Ukipata 2.54, ambayo huwashangaza wengi, faili ni ya inchi yenye tarakimu mbili na nne, nayo imesomwa kama milimita yenye tatu na tatu: `15000` ni inchi 1.5, yaani milimita 38.1, lakini msomaji ameona milimita 15. Tazama pia vipenyo. Kichwa huorodhesha keekee kama `T1C0.800`. Milimita 0.8 ikisomwa kama inchi inakuwa milimita 20.32, tundu la kupitisha kidole gumba.

Ugonjwa wa tatu ndio mwepesi: matundu yana ukubwa na nafasi sahihi, ila yote yamesogea upande mmoja. Hapo chanzo cha vipimo cha Gerber na cha matundu ni viwili. Mteja alichagua chanzo cha pembeni kwa kimoja na cha ukurasa kwa kingine.

Dawa ya leo: kwenye gerbv bofya kitufe cha kulia juu ya jina la faili ya matundu, uchague kuhariri muundo wa faili, ubadilishe vipimo, idadi ya tarakimu na upande wa sifuri hadi matundu yakae kwenye padi. Hii inakufundisha ukweli wa faili, lakini haiandiki upya kwa mashine yako. Kama unatumia FlatCAM kutengenezea njia za mashine, nenda kwenye mapendeleo ya Excellon uweke thamani zilezile, kisha ufungue faili upya. Dawa ya kudumu ni kumwambia mteja atoe matundu kwa milimita, yenye nukta ya desimali, na kwa chanzo kilekile cha Gerber. Mistari ikisomeka `X12.5Y7.0` ubishi wa sifuri umekwisha. Kabla ya kutoboa, ishushe keekee juu ya pembe mbili zinazotazamana bila kuiwasha. Shaba iliyotobolewa vibaya hairudi.

Maandishi ya upande wa chini yanasomeka kinyumenyume kwenye gerbv. Niyageuze kabla ya kutuma? — Msomaji wa Mtwapa

Usiguse! Faili zote hutazama bodi kutoka juu, kana kwamba ni kioo. Ya chini lazima yaonekane kinyume, kama maandishi ya kwenye kioo cha matatu ukiyasoma ukiwa ndani. Ukiyaona ya chini yakisomeka sawasawa bila kugeuza mtazamo, hapo ndipo ushtuke.

Habari zenu. Nahamisha michoro kutoka karatasi hadi kwenye shaba kwa tona (wino wa unga wa printa) na pasi, nyumbani Likoni. Faili natoa picha, nakwenda kuchapisha saiba, lakini IC (chipu) ya miguu 40 haiingii: mwanzo inaingia, mwisho inapishana. Nifanyeje?

Picha yako imepungua, dada. Safu moja ya IC hiyo ina miguu 20, yaani nafasi 19 za milimita 2.54, jumla 48.26. Mchapishaji akiacha printa "itoshee ukurasa" na karatasi ikapungua asilimia 3 tu, mguu wa mwisho umekosea kwa karibu milimita 1.45. Hauingii hata ukiupigia nyundo.

Toa picha kwa gerbv kwa amri, si kwa kupiga picha ya skrini:

`gerbv -x png -D 1200 -B 0 -b "#FFFFFF" -f "#000000FF" -o chini.png B_Cu.gbr`

`-D 1200` ni nukta 1200 kwa inchi. `-b` ni rangi ya nyuma, nyeupe, na `-f` ni ya shaba, nyeusi. `-B 0` huondoa ukingo, maana bila hiyo gerbv huongeza asilimia 5 pembeni na hesabu yako yote inaharibika. Usiweke `-a`. Hiyo hulainisha kingo kwa rangi ya kijivu, na printa hugeuza kijivu kuwa vinukta ambavyo tona haivishiki vizuri.

Kisha hakiki kwa hesabu. Mchoro wa upana wa milimita 80 kwa nukta 1200 unatakiwa uwe na pikseli 80 ÷ 25.4 × 1200, karibu 3,780. Angalizo: gerbv hukata picha palipoishia kilichochorwa, kwa hiyo shaba isiyofika ukingoni hutoa picha ndogo kuliko bodi. Pima shaba kwenye gerbv, usichukue kipimo cha kasha. Fungua picha kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, weka ukubwa wa kuchapisha kuwa pikseli 1200 kwa inchi, uhifadhi. Kuibandika kwenye ukurasa wa Word ndiko kunakoharibu kazi nyingi, kwa sababu Word huipunguza ienee kati ya pambizo bila kukuuliza.

Saibani mwambie mhudumu achague asilimia 100, na printa iwe ya leza, kwani wino wa maji hauhami kwa pasi. Chora mstari wa milimita 100 kando ya mchoro na ubebe rula. Upime papo hapo, kabla hujarudi kwenye feri. Mstari ukiwa 99, printa hiyo ina upungufu wake: ongeza ukubwa kwa 100 ÷ 99 uchapishe tena. Pima pia mstari wa upande wa pili, kwa sababu printa huweza kuwa sahihi kwa upana na kukosea kwa urefu karatasi inapovutwa.

Kuhusu kugeuza, rejea jibu la msomaji wa Mtwapa. Shaba ya chini imeshaonekana kinyume, nayo karatasi ikilalia bodi kifudifudi itajigeuza yenyewe, kwa hiyo ichapishe kama ilivyo. Shaba ya juu ndiyo unayoigeuza kwenye GIMP. Na njia zako zisiwe nyembamba kama za kiwandani: kiwanda cha kawaida hufanya milimita 0.15, lakini kwa pasi na asidi anza na 0.4, na nafasi kati yake iwe hivyohivyo.

Faili ya rangi ya kinga inaonyesha vidoa kwenye padi tu. Mahali pengine pote patupu. Bodi yangu itakuja bila rangi? — Bamburi

Haitakuja bila rangi. Faili hiyo inasomwa kinyume: palipochorwa ndipo rangi *haipakwi*. Faili ya KiCad yenyewe inasema hivyo kwa `%TF.FilePolarity,Negative*%`. Bodi ikija imepakwa kila mahali hadi kwenye padi, maana yake faili hiyo ilikuwa tupu.

Maalim, tuna kadi (bodi ya saketi) ya mashine ya barafu ya kuhifadhia samaki, ya zamani, na mwenye mashine alitunza diski yenye faili zake. Kila programu inafungua kisha haionyeshi kitu, au inalalamika haina vipimo vya kalamu. Zinaokoka? — Fundi wa Kisauni

Zinaokoka, kwa jasho. Ulizonazo yaelekea ni Gerber ya kale, RS-274-D. Enzi hizo mashine ilichora kwa mwanga kwenye filamu, na mwanga ulipita katika gurudumu lenye vidirisha vya maumbo mbalimbali. Faili ilisema tu "shika kidirisha cha D10, nenda hapa, mulika". Ukubwa wa D10 uliandikwa kwenye orodha ya pembeni, na opareta ndiye aliyevipanga vidirisha. Muundo uliopanuliwa, RS-274X, uliotolewa 1998, uliingiza maelezo hayo ndani ya faili. Ucamco ya Ubelgiji, inayomiliki muundo huu leo, iliutangaza ule wa kale kuwa umepitwa na wakati mnamo 2014.

Kwanza tafuta kwenye diski faili ya orodha. Huwa ndogo, ya maandishi, yenye safu ya D10, D11 na kuendelea pamoja na vipimo. Ikiwepo, kazi ni ya nusu saa. Isipokuwepo, tumia kadi yenyewe kama shahidi.

Fungua faili kwa programu ya maandishi. Ukiona mistari kama `G54D10*` au `D10*`, hapo kalamu, yaani kile kidirisha, inabadilishwa. Kinachofuata kikiishia `D03`, kalamu inagonga umbo moja, yaani padi. Kikiishia `D01`, inaburuta mstari, na `D02` ni kuhama bila kuchora. Kwa hiyo kalamu yenye D03 tupu ni ya padi, na yenye D01 nyingi ni ya njia. Pima padi na njia hizo kwenye kadi kwa kalipa.

Kisha idadi ya tarakimu. Tafuta padi mbili zinazofuatana za IC ya kawaida, ambazo umbali wake ni inchi 0.1. Toa X moja kwenye nyingine. Ukipata 1000, faili ni ya inchi yenye tarakimu nne baada ya nukta. Ukipata 100 ni tatu, ukipata 10000 ni tano. Ukipata 2540, umeangukia milimita yenye tarakimu tatu. Sifuri nazo: namba zikikosa kabisa sifuri za mbele lakini nyingi zinaishia na sifuri, za mbele ndizo zilizoachwa, herufi L. Zikianza na sifuri na hazimaliziki kwa sifuri, ni T, na hapo uzijaze sifuri za nyuma kabla ya kutoa hesabu hiyo ya juu.

Ukishajua, andika kichwa mwanzoni mwa nakala, si mwanzoni mwa faili asili:

`%FSLAX24Y24*%`
`%MOIN*%`
`%ADD10C,0.060*%`
`%ADD11R,0.060X0.060*%`
`%ADD12C,0.012*%`

C ni duara na R ni mstatili. Vipimo ni inchi kwa sababu ya MOIN. Badilisha namba zifuate kalipa yako. Fungua kwa gerbv, washa faili ya matundu juu yake, na matundu yakikaa katikati ya padi umeshinda. Kalamu uliyokisia ikiwa nene mno utaona njia jirani zimegusana; linganisha na kadi mahali hapo, uipunguze.

Bodi nimeiona nyekundu kwenye programu, ikaja kijani. — Ganjoni

Rangi za skrini ni za kukutenganishia matabaka tu. Gerber ya kila tabaka haibebi rangi ya bodi wala unene wake. Hayo unayachagua kwenye fomu ya kuagizia, na usipochagua utapewa kilichozoeleka: kijani, milimita 1.6, shaba ya mikroni 35.

Nataka kuandika programu yangu mwenyewe ya kuchora Gerber, kwa Python. Nianzie wapi? — Mji wa Kale

Anza na faili unayoweza kuikagua kwa macho. Andika hii kwa mkono, uihifadhi kama `jaribio.gbr`:

`%FSLAX46Y46*%`
`%MOMM*%`
`%ADD10C,1.600000*%`
`%ADD11C,0.500000*%`
`%LPD*%`
`G01*`
`D10*`
`X0Y0D03*`
`X10000000Y0D03*`
`D11*`
`X0Y0D02*`
`X10000000Y0D01*`
`M02*`

Ni padi mbili za milimita 1.6, zimeachana milimita 10, zimeunganishwa kwa njia ya 0.5. Tarakimu sita baada ya nukta, kwa hiyo milioni moja ni milimita moja. Viwianishi viache kama namba kamili hadi dakika ya mwisho ya kuchora. Ukivigeuza desimali mapema, makosa madogo yatajikusanya na mipaka ya maeneo haitafungika.

Zingatia kwamba kiwianishi kisichotajwa hubaki kilivyokuwa: `Y5000000D01*` peke yake ni mstari ambao X yake haijasogea. Programu za wanaoanza hukwama hapo siku ya kwanza.

Vigumu ni vitatu. Cha kwanza ni tao, G02 na G03. Chini ya G75, tao linaloanza na kuishia pointi moja ni duara kamili, na chini ya G74 ya kizamani pointi hiyohiyo maana yake ni tao la urefu sifuri. Ukichanganya, utaona duara kubwa limeimeza bodi nzima. Hata programu zenye jina hufanya hivyo zikipewa faili mbovu. Cha pili ni `%LPC*%`, inayofuta badala ya kuchora. Inafuta kilichotangulia tu, si kinachofuata, kwa hiyo mpangilio wa mistari ni sehemu ya mchoro. Huwezi kukusanya padi zote kwanza na njia baadaye kwa ajili ya kasi. Kila faili ichore kwenye turubai yake, ndipo uyapange matabaka juu ya mengine, la sivyo kufuta kwa tabaka moja kutatoboa la chini yake. Cha tatu ni maeneo kati ya G36 na G37: humo kalamu haina unene, inazungushia ukingo tu na ndani kunajazwa.

Kila ukimaliza kipengele, toa picha yako na ya gerbv kwa nukta zilezile kwa inchi, uzitoe moja kwenye nyingine kwa GIMP. Kilichobaki cheupe ndicho ulichokosea. Mstari mwembamba wa pikseli moja kwenye kingo ni mviringisho wa hesabu, upuuze. Doa zima, rudi kwenye msimbo. Ukichoka na ukataka tu kazi iende, gerbonara na pygerber ni maktaba za bure za Python zinazosoma faili hizi.

Nikifungua faili za mteja kwenye tovuti za kuonyesha bodi, je, mchoro wake unabaki kwao? — Kongowea

Inategemea tovuti. Nyingine hupokea faili na kuchora huko kwao, nyingine hufanya kazi yote ndani ya kivinjari chako. Jaribu hivi: fungua ukurasa, subiri umalize kupakia, zima data, kisha uvute ndani yake zipu yoyote isiyo ya mteja. Bodi ikichorwa bila bando, kazi inafanyika kwako. Ikigoma, mchoro unasafiri, na ruhusa ya kuusafirisha anayo mteja. Kwa kazi yenye mkataba wa siri tumia gerbv au GerbView, ambazo hazihitaji mtandao kabisa.